Zamu Yangu ya Kufunikwa

Mafuta ya nazi yakipashwa moto polepole kwenye kijiko, juu ya makaa yanayokaribia kuzima, hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni tamu, kama ya kashata inayopoa. Ya pili huja yakianza kuungua, nayo hukaa kooni na haitoki hata ukinywa maji. Mama alijua kukiondoa kijiko katikati ya harufu hizo mbili, na kwa msimu mmoja mrefu wa utoto wangu harufu hiyo ilikuwa na maana moja tu: vyombo vimeondolewa, mkeka umetandikwa, na baba yuko uani anaosha dizeli mikononi kwa sabuni ya unga ili aje aanze ibada. Tulipanga vyumba viwili vya ghorofani katika nyumba ya Bi Zuhura, mtaani Langoni, mahali ambapo vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba punda aliyebeba mchanga akipita, watu hubana migongo ukutani. Saa zile za magharibi harufu ya mafuta yetu ilikutana kwenye ngazi na harufu ya udi wa Bi Zuhura ikipanda kutoka chini, na mimi, niliyekuwa nikiketi kwenye ngazi hizo mara nyingi kuliko watoto wengine, nilijua hasa kipandio ambapo moja iliishia na nyingine ikaanza.

Sisi ni Wataita, watu wa milimani, na kazi ya baba ndiyo iliyotuleta kisiwani. Alikuwa fundi wa majenereta yaliyoupa mji stima siku zile. Wakristo tulikuwa wachache mjini, kwa hiyo baba aliamua mapema kwamba sehemu kubwa ya imani yetu tutaipata nyumbani, juu ya mkeka, kila jioni. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Alitusimulia habari za Danieli katika tundu la simba, akitengeneza vivuli vya simba kwa mikono ukutani, na kaka yangu Ezra alinguruma, na mdogo wangu Tabitha alipiga kelele mpaka Bi Zuhura akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. "Bwana Mwakio," aliita kutoka chini, "hao simba wako hawayapata chakula?" Baba akatoa kichwa dirishani akamjibu, "Bado, Bi Zuhura. Wanamngojea mwenye nyumba asiyelala." Tulicheka sote, juu na chini. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na nilipokuwa nikilala niliamini kwamba Mungu yuko juu yetu kama zile boriti za dari: huhitaji kuziangalia ili zikae mahali pake.

Kisha Mulei akafa. Mulei alikuwa fundi mwenzake baba, Mkamba mcheshi aliyekuja kwetu Jumapili mchana kula wali na kutufundisha kupiga mluzi kwa jani. Asubuhi moja aliingia nyuma ya mtambo kukaza waya, na waya huo, ambao ulipaswa kuwa umezimwa, ulikuwa na stima. Baba alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri akiwa na kofia ya kazi ya Mulei mkononi, akaketi kitandani bila kuvua buti. Jioni ile hakukuwa na simba ukutani. Alituambia kwamba Mulei alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na mazoea ya kutoka nyumbani bila kuomba, na mwovu huzunguka akitafuta mtu aliye wazi. "Mulei alitoka wazi," alisema. Alitutazama mmoja mmoja, kwa upendo, naukumbuka upendo huo vizuri. "Nyinyi hamtatoka wazi."

Ulinzi, alitueleza, hufika kama stima inavyofika. Hutoka kwenye mtambo, hupita kwenye waya, huingia kwenye balbu. Mtambo ni Mungu, nao hauzimiki. Balbu ni wewe. Waya ni Neno unalolitamka kwa kinywa chako. Waya ukikatika mahali padogo kama ukucha, balbu haiwaki, na si kwa sababu mtambo umekukasirikia. Ni kwamba hakuna pa kupita. Hadi leo naona yalikuwa maelezo mazuri. Mtoto aliweza kuyashika, na ndiyo maana yalituingia sana. Kuanzia jioni ile kila mmoja wetu alisimama peke yake katikati ya mkeka na kuisema zaburi ya ulinzi, ile ya uvuli na mabawa, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Akimaliza bila kukatika, baba alichovya kidole kwenye kijiko cha mafuta, akampaka kwenye paji la uso, akasema, "Ezra, umefunikwa." Aliyekatika hakupakwa. Baba hakupandisha sauti. Hakutupiga hata siku moja, na wenzetu shuleni walituonea wivu kwa hilo. Alisema tu, "Waya umekatika. Kesho," akapangusa kidole kwa kitambaa, na zamu ikahamia kwa mwingine.

Mimi nilikuwa na kigugumizi. Nacho hakikuwa cha kila neno. Kilikuwa na maneno yake, kama mbwa mwenye watu wake wa kuwabwekea. Maneno ya herufi laini yalipita. Yale yanayoanzia kwenye midomo iliyofungwa yalinikamata, na lililonikamata kuliko yote lilikuwa ni Bwana. Katika mji ambao kila mwanamume mzima huitwa Bwana fulani, nilijifunza kusalimia kwa kuinamisha kichwa, na watu wakanisifu kwa adabu. Lakini zaburi haina njia ya pembeni. Nilisimama mkekani, nikaanza vizuri, nikaliona neno lile likinijia kutoka mbali, na mwili wote ukalifungia mlango. Midomo ilishikana. Shingo ilikaza. Nilisikia "b-b-b" yangu ikigonga, na nyuma yake nilisikia makaa yakilia jikoni na mama akisogeza sufuria isiyohitaji kusogezwa. Baba alingoja. Ningependa uelewe kwamba alikuwa mvumilivu; alifumba macho na kungoja muda mrefu kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kuningojea. Kisha akafumbua. "Waya umekatika, Saru. Kesho."

Kesho ilikuwa hivyo hivyo, na kesho yake. Baba hakuona kwamba ananinyima kitu. Aliona, kama fundi, kwamba kuna hitilafu, na hitilafu haiondolewi kwa kujidanganya kwamba haipo. Kuna jioni nilimsikia mama akimwambia kwa sauti ya chini, "Baba Ezra, si umpake tu?" Akajibu, "Nikimpaka na waya umekatika, nitakuwa nimempaka mafuta ya kupikia." Mama akarudi jikoni. Tabitha, ambaye hakuwa ameanza hata darasa la kwanza, aliisema zaburi nzima kama bomba lililofunguliwa, bila kuelewa nusu yake, akapakwa, akaruka kurudi kuketi huku paji lake likimetameta, na mimi nilimtazama mdogo wangu kama mtu aliye nje ya mvua anavyotazamwa na aliyeloa.

Watoto hujifunza haraka kuliko tunavyokusudia, na Ezra na Tabitha walijifunza. Wa kwanza alikuwa Tabitha. Tulikuwa tunalala pamoja, godoro langu na lake yakiwa yameunganishwa chini ya neti moja. Jioni moja nilisikia kitu kikiburutwa sakafuni, sauti kavu ya gunia la godoro juu ya saruji, na nilipogeuka alikuwa amelivuta la kwake hadi upande wa Ezra. "Kikija kitu kwako kitanipata na mimi," alisema. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananieleza tu, kwa sauti ya baba. Ezra alicheka mpaka akaziba mdomo kwa shuka. Yeye alikuwa mkubwa, na ukatili wake ulikuwa na ucheshi ndani yake. Njiani kwenda shuleni alinitanguliza. "Pita mbele, Saru. Wewe ndiye chambo. Ukishikwa tutajua kona ya kukwepa." Wenzake walipouliza kwa nini dada yake anatembea peke yake mbele kama beramu, bendera ya maandamano, aliwaambia kwamba mimi ni balbu iliyoungua, na jina hilo likaenea. Hata watoto ambao hawakujua zaburi wala mafuta waliniita Balbu. Waliniita kwa upole pia, wakitaka kunigawia pipi. "Balbu, chukua." Nilichukua. Ungefanya nini?

Lakini hayo yalikuwa ya mchana, na mchana huisha. Lililonikaa ni hofu ya kitu kimoja mahususi, na nawaeleza wazazi jambo hili kwa sababu hofu ya mtoto mara nyingi haiko mahali tunapoitafuta. Sikuogopa majini wala giza. Niliogopa swichi. Mulei alitoka wazi na stima ikamjua. Kama ilimjua yeye, mtu mzima aliyeizoea, itanikosaje mimi? Niliacha kugusa swichi yoyote. Nikitumwa chumbani nilipapasa gizani. Nikikuta taa imewashwa nilipita katikati ya chumba, mbali na ukuta, huku nimeificha mikono kwapani. Na jioni, wenzangu wakishapakwa na kwenda kucheza karata, niliteremka kuketi kwenye ngazi, mahali pale ambapo mafuta yaliishia na udi ukaanza, kwa kuwa hapo hakukuwa na waya ukutani.

Hapo ndipo Bi Zuhura aliponikuta. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kazi yake ilikuwa kudarizi kofia. Alipanda ngazi akihema, kofia moja ikiwa mkononi na sindano ikiwa imechomekwa kwenye leso.

"Nani huyo akaaye kizani kama popo?"

"Ni mi-mimi, B-Bi Zuhura."

"Mimi nani? Hata mimi ni mimi."

"Saru."

"Swichi ya ngazi i kule juu mlangoni, mwanangu. Washa."

Nikamwambia siwezi, kwa kuwa sijafunikwa. Akauliza sijafunikwa na nini, shuka? Nikamweleza yote, waya na balbu na Mulei, na ilichukua muda mrefu kwa sababu ya ulimi wangu, naye aliketi kipandio cha chini yangu na kunisikiliza bila kunimalizia maneno. Nilipofika mwisho alivua miwani akaifuta. "Na Mola yuwakungoja wewe umalize kusema ndipo akuone?" Kisha akajizuia. "Astaghafiru. Hayo si yangu. Ya babako ni ya babako." Alidarizi kidogo kwa mwanga uliotoka chini. Ndipo akaniambia kwamba ndugu yake Athumani alikuwa na ulimi kama wangu. Kuomba maji ilikuwa kazi ya asubuhi hadi adhuhuri. Lakini Athumani huyo huyo akiketi chuoni akasoma Kurani kwa sauti, alipita kama aliyetelezeshwa. "Wewe wayasema maneno," aliniambia. "Usiyaseme. Yavute kwa sauti. Neno likikukatalia ndia hii, lipitishe kwenye sauti. Ndoo hapa, nikusikie."

Sauti niliyoijua ilikuwa moja tu. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na chuo cha Kurani, na kila siku baada ya alasiri watoto walisoma kwa pamoja, sauti ikipanda ngazi ndogo tatu kisha ikishuka na kurefuka mwishoni. Niliisikia tangu tulipohamia. Iliingia kwa dirisha letu kama joto. Nikayachukua maneno ya zaburi nikayaweka juu ya sauti hiyo, kwa kunong'ona kwanza. Lilipofika lile neno, sauti ilikuwa tayari inapanda, nalo likapanda nayo. Lilitoka. Nililisikia likitoka kinywani mwangu zima, na nikaogopa, nikanyamaza. Bi Zuhura alikuwa amesimamisha sindano hewani. "Haya," alisema. "Waona. Rudia." Nikarudia, jioni hiyo na zilizofuata, mpaka nikaweza kuipita zaburi yote mara mbili bila kupumua vibaya. Nakumbuka siku nilipokuwa tayari. Nilipanda juu nikinuka udi, na kwa mara ya kwanza tangu Mulei afe sikukunja mikono kwapani.

Ezra alisema yake. Tabitha akasema yake. Baba akafumba macho, na nadhani alikuwa ameshaandaa lile la kesho mdomoni. Nikasimama katikati ya mkeka na kuanza. Niliisikia sufuria ya mama ikisimama. Ezra alifungua mdomo akausahau wazi. Sauti ilipanda, ikashuka, ikarefuka, na mimi nilikuwa ndani yake, na maneno yakanipita moja moja kama watu wanaoshuka botini wakishikwa mkono. Bwana alipita. Alipita tena. Nilifika mwisho, na nilimwona baba akiwa amefumbua macho, machozi yakiwa yamejaa. Alichovya kidole kwenye mafuta. Alikileta. Kilikuwa karibu sana na paji langu hivi kwamba nilihisi joto lake.

"Sauti hiyo umeitoa wapi?" aliuliza. Alikuwa anatabasamu.

Kabla sijalipata neno la kwanza, Tabitha alinijibia, kwa furaha, kwa kuwa alitaka kusaidia. "Ni ya watoto wa chuo, baba. Si tunaisikia kila siku?"

Kidole kilisimama. Baba alikitazama, kana kwamba kilikuwa cha mtu mwingine. Nilimwona akifikiri, na alifikiri kwa haki, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. Kisha akachukua kitambaa.

"Sikukatika, b-baba," nilisema.

"Hukukatika," alikubali. "Lakini umevuta stima kwa jirani, Saru. Hiyo ndiyo inayochoma nyumba."

Akapangusa kidole mpaka kikakauka. Akaniambia, kwa utulivu ule ule, kwamba nisisimame tena mkekani mpaka sauti hiyo iniondoke. Niwe naketi mlangoni, nisikilize wenzangu, na siku ambayo nitakuwa nimeisahau nimwambie. Asubuhi yake aliteremka kwa Bi Zuhura, nami nilisikia kila kitu kutoka juu, kwa kuwa nyumba ile haikuficha neno.

"Bi Zuhura, nakuheshimu. Lakini mtoto huyu ni wangu kumlea."

"Ni wako, Bwana Mwakio. Maneno yote ni yenu. Mimi nimempa sauti tu."

"Basi naomba uichukue."

"Sauti haichukuliki, Bwana," alisema Bi Zuhura. Hakuwa anabishana. Alionekana kumhurumia.

Nikakatazwa kuketi ngazini. Niliketi mlangoni jioni zote zilizobaki, mgongo ukiwa kwenye ubao, nikijaribu kusahau. Jaribu kumwambia mtoto asahau sauti inayopita chini ya dirisha lake kila siku. Tabitha, ambaye sasa alijua kwamba alisema kitu kibaya lakini hakujua ni kipi, alinichukia kwa hilo na akaanza kunibana vidole kwa mlango. Ezra hakuniita Balbu tena nyumbani, aliniita Jirani. Na mama alipasha mafuta, akakiondoa kijiko katikati ya harufu mbili, akampa baba, asinitazame. Niliamini kwamba kuna jioni atatumbukiza kidole chake mwenyewe, akipita mlangoni na vyombo, aniguse mara moja tu. Nilimwinulia uso kila alipopita. Hakunigusa.

Msimu ule uliisha kwa uhamisho. Baba alipelekwa kituo cha bara, na asubuhi ya kuondoka tulisimama kwenye jeti, gati la boti, na vitanda vyetu, mapipa ya nguo na kuku mmoja wa Tabitha, tukingojea boti ya kutuvusha hadi Mokowe, upande wa bara. Baba hakutaka tuvuke wazi. Alitoa kichupa cha mafuta mfukoni mbele ya wachukuzi na abiria, akampaka mama, akampaka Ezra, akampaka Tabitha. Alipofika kwangu alisita. "Umeisahau?" aliniuliza kwa sauti ya chini, na nilijua kwamba anatamani niseme ndiyo. Ningeweza kusema uongo, ni neno dogo, halinikwamishi. Lakini nilikuwa nimelelewa na baba yangu. Nikatikisa kichwa. Akafunga kichupa, akanishika kwapa, akanishusha ndani ya boti kwa uangalifu mkubwa, kama kitu cha kioo. Njia nzima nilishika ubao kwa mikono yote miwili nikingojea. Sikujua kitakuja kutoka upande gani. Injini ilinguruma, maji yakaturushia chumvi usoni, Ezra akatapika. Tukafika. Nilishuka mzima kama wengine, na hakuna kilichokuwa kimetokea.

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, ingawa sikuweza kulisema kwa miaka mingi. Nilipokanyaga Mokowe nilielewa kitu ambacho mtoto hapaswi kukielewa kwa njia ile: ama Mungu alinilinda bila ruhusa ya baba, ama hakuwa akimlinda mtu yeyote, na mafuta yote yale yalikuwa mafuta. Nilikuwa mtu mzima kabla sijajua ni lipi kati ya hayo nitaliishi. Mama, karibu na mwisho wa maisha yake, alinieleza lililobaki. Siku Mulei alipokufa, aliyewasha mtambo ni baba. Alidhani mwenzake ameshatoka. Hakuna aliyemlaumu, lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Lakini ilibidi iwe kwamba Mulei alitoka wazi, ilibidi iwe kwamba kuna waya na mahali ulipokatika, kwa sababu kama haikuwa hivyo, basi ilikuwa ni mkono wa baba tu. "Ningemnyang'anya ile zaburi yake," mama aliniambia, "angebaki na nini?" Alikuwa na watu wawili wa kuokoa ndani ya nyumba moja, akamchagua baba. Sikumuuliza kama alijua hivyo wakati ule. Alijua.

Leo nimerudi Langoni. Nafanya kazi katika zahanati, napanga vyumba vichochoro vichache tu kutoka nyumba ile, ambamo sasa wanaishi wajukuu wa Bi Zuhura. Majenereta yalikwisha kuzimwa. Stima hutoka bara. Kigugumizi changu kimebaki kidogo, kama jirani mzee anayepita kusalimia. Na jioni hutandika mkeka, mimi na binti yangu Pendo, tukaomba. Wazazi vijana kanisani huniuliza nafanyaje, nami huwaambia wasiache ibada ya nyumbani kwa sababu ya habari kama hizi. Mtoto anahitaji kujua kwamba kuna anayemlinda, na hakuna mahali pazuri pa kulijua hilo kuliko kwa mkono wa mzazi wake. Ila huwaeleza jambo moja. Mtoto huangalia kipi kimetangulia kuliko anavyosikiliza maneno. Ukimpaka baada ya kusema, atajua kwamba amelindwa na ulimi wake. Kwa hiyo mimi humpaka Pendo kwanza, angali anatafuna, kabla hajasema lolote. Zaburi huja baadaye. Akikosea tunacheka.

Nilidhani hilo linatosha. Lakini mwaka huu nilimleta baba kuishi nasi. Kiharusi kilimchukua upande mmoja na kikachukua ulimi wake. Maneno yake sasa yanakatika popote, bila kuchagua herufi. Jioni humpaka mafuta pamoja na Pendo, kwanza, kama ilivyo desturi ya nyumba yangu, naye hunyamaza mpaka tumalize. Kisha hujaribu. Huisema zaburi ile kutoka mwanzo, mdomo ukipinda, jasho likimtoka, na hufika mahali akakwama, akafumba macho, akangoja. Anajingojea mwenyewe kwa uvumilivu ule ule. Halafu huinua mkono ulio mzima, akashika ukingo wa kikoi chake, akafuta paji la uso mpaka pakakauka. Nawajua wagonjwa wanaoweza kuimba wasiyoweza kuyasema, nimewaona wengi. Siku moja, watoto wa chuo walipokuwa wakisoma na sauti yao ikitufikia, nilimwanzishia zaburi kwa sauti ile. Aliitambua. Aligeuza uso ukutani.

Juzi Pendo aliuliza. "Mama, mbona babu anajifuta? Kwani hajafunikwa?"

"Amefunikwa," nilisema.

Baba akatikisa kichwa. Alitikisa mara nyingi, kwa nguvu, ili mtoto asidanganywe. "Wa-waya," alisema. "Ume... ume..."

Pendo alitutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na mtoto huamini uso ulioogopa zaidi. Yeye hulala chumbani mwa babu yake, godoro chini kando ya kitanda, ili babu akitaka maji aniite. Nilikwenda kuosha kijiko. Nilikuwa bado nimeupa mlango mgongo niliposikia gunia la godoro likiburutwa juu ya saruji, na niliijua sauti ile kabla sijageuka.

Alikuwa amelifikisha mlangoni. "Kikija kitu kwa babu," alinieleza, bila ubaya wowote, "kitanipata na mimi."

Sikumhubiria. Nilishika upande mmoja wa godoro, yeye akashika wa pili, tukalirudisha pale pale, likagusa kitanda. Kisha nikaenda chumbani kwangu nikaleta na la kwangu, nikaliunganisha na lake.

"Na kikija?" aliuliza Pendo.

"Kikija kitatukuta sote hapa."

Akafikiri, akalala. Juu yetu, kitandani, baba alikuwa macho, akitazama ukuta. Baada ya muda mkono wake mzima ulitoka chini ya shuka, ukapapasa chini mpaka ukaushika ukingo wa godoro la mtoto, ukaung'ang'ania, na sikuweza kujua kama alikuwa analisukuma au analivuta.